Nilikwenda Kisangani Kumleta Mpwa Wangu



Jumapili iliyopita, baada ya Misa ya kwanza, mama mmoja wa mtaa wetu hapa Goma alinishika mkono mbele ya kanisa, akaniuliza: "Mwalimu, mwanangu anataka gitaa. Baba yake amesema gitaa halitaingia nyumbani mwake. Wewe wasemaje?" Sikumjibu papo hapo. Swali hilo niliwahi kulijibu kwa haraka zamani, na jibu langu lilikuwa baya. Nikamwomba angojee gazeti. Basi, mama, jibu lako ni hili, nanyi wengine wenye watoto sikilizeni pamoja naye.

Dada yangu ni kifungua mimba wa wazazi wetu. Ndiye aliyeuza sambaza sokoni miaka mingi ili mimi nipate kusoma katika seminari. Nilipotoka huko nikiwa mwalimu, wala si padri, hakunilaumu hata kidogo. Alisema tu: "Haya, sasa ni zamu ya mwanangu." Kijana akakua, akamaliza shule ya sekondari, akapelekwa Kisangani kwa masomo ya juu.

Miaka miwili habari zake zilikuwa njema. Kisha wasafiri waliotoka huko wakaanza kutuambia: "Kijana wenu twamwona usiku pamoja na wapiga muziki." Dada akampigia simu. Akajibiwa maneno manne: "Niko salama. Masomo yanaendelea." Juma lililofuata, maneno yale yale manne. Juma la tatu vivyo hivyo. Dada akanijia jioni moja, mikono yake ingali ina magamba ya samaki, akasema: "Nenda ukamlete."

Basi mwezi wa Julai 2017, shule zilipofungwa, nikafunga safari. Barabara ya Walikale na Lubutu ilikuwa imeharibika vibaya, na tena ilitisha kwa sababu ya watu wenye silaha. Kwa hiyo nilipanda ndege. Nilichukua maharagi, viazi na jibini mbili za Masisi, maana mtu haendi ugenini mikono mitupu. Tulipokwisha kupita milima, sikuona tena kitu chini yetu ila msitu, kana kwamba dunia imefunikwa kwa blanketi la kijani. Goma yetu iko juu, karibu meta 1,500 kutoka usawa wa bahari. Kisangani iko kama meta 400 tu. Niliposhuka katika kiwanja cha Bangoka, joto lilinipokea kama mtu afunguaye kifuniko cha chungu usoni pako.

Pikipiki zilikuwa nyingi mjini, lakini mimi nikachagua baiskeli, kwa kuwa nilikuwa nimesikia habari zake. Huko baiskeli ya abiria huitwa toleka, neno la Kilingala lenye maana ya "tupite". Ziliongezeka sana wakati wa vita, petroli ilipokosekana. Nyuma huwekwa kiti laini, abiria akaketi kama chifu, na mwenye baiskeli akakanyaga huku jasho likimtiririka. Ndivyo nilivyofika Mangobo, nyumbani kwa mama mmoja mjane, ambaye marehemu mumewe alifanya kazi pamoja na baba yangu. Mpwa wangu aliwahi kukaa kwake mwaka wa kwanza, kisha akahama.

Hata kabla sijaketi nikamwuliza: "Mama, kijana yuko wapi?" Akanitazama, akacheka kidogo. "Kijana utamwona, Mwalimu. Lakini mtu mwenye njaa na hasira pamoja hasemi, hubweka. Kwanza kula."

Akaandaa. Sisi wa Goma twajivunia sambaza na bugali, na tuna haki. Lakini siku ile nilijifunza unyenyekevu. Palikuwa na lituma, yaani ndizi za kupika zilizochemshwa, zikatwangwa, zikaviringwa kama mipira. Palikuwa na liboke: samaki wa mto aliyetiwa pilipili na kitunguu, akafungwa katika majani mapana ya msituni, akawekwa juu ya makaa hata maji yake mwenyewe yakampika. Palikuwa na sombe, ambayo wao huiita pondu, yenye mafuta ya mawese, na wali mweupe. Mwishowe akaleta sahani ndogo ya mpose, ambao ni funza wanene wa mitende ya mawese, waliokaangwa. Nilifumba macho nikala mmoja. Wa pili nilimla macho wazi. Wa tatu sikungoja kukaribishwa.

Nilipoushukuru wali, mama akasema: "Wali huu na Kiswahili hiki tunachosema vilifika hapa pamoja, kwa miguu ya watu wenye minyororo." Kisha akaongeza: "Kesho mwanangu atakutembeza. Kabla hujamhukumu mtoto, uujue kwanza mji uliomkamata."

Basi, wanafunzi, sikilizeni hapa. Kwa nini mji ule upo mahali pale, wala si pengine? Tazameni ramani. Mto Kongo una urefu wa karibu kilometa 4,700. Mashua ikitoka Kinshasa yaweza kupanda mto kwa kilometa 1,700 hivi bila kizuizi, mpaka Kisangani. Hapo inakoma, kwa sababu mbele yake kuna maporomoko saba ya Boyoma, yaliyotandaa kwa kilometa 100 hivi hadi Ubundu. Juu ya maporomoko mto huitwa Lualaba; chini yake huitwa Kongo. Kwa ajili ya kizuizi hicho ilijengwa reli ya kilometa 125, iliyokamilika mwaka 1906, ili mizigo iyazunguke maji yale. Palipo na mizigo ya kushusha na kupakia, hapo watu hukutana. Na watu wakikutana watataka kula na kuimba. Hivyo ndivyo bandari inavyozaliwa. Hata jina lenyewe, husemwa, ni la Kiswahili: kisangani, yaani penye kisanga, penye kisiwa.

Lakini mji huo haukuzaliwa kwa furaha. Stanley alipita hapo mwaka 1877, akaweka kituo mwaka 1883. Mwaka 1887 Tippu Tip, mfanyabiashara wa Zanzibar, alifanywa liwali wa mahali pale kwa niaba ya dola ya Leopold. Misafara yake ilitafuta pembe za ndovu na watumwa. Ndiyo iliyokileta Kiswahili kutoka mashariki, na kilimo cha mpunga pia. Kilingala nacho kilipanda mto pamoja na askari na mabaharia. Lugha hizo mbili zilikutana pale, na hata leo mtu wa Kisangani huanza neno kwa moja na kulimaliza kwa nyingine. Baadaye wenyeji walilazimishwa kukusanya mpira, na wengi wakafa. Mji uliitwa Stanleyville mpaka mwaka 1966. Mwaka 1964 Wasimba waliutwaa, ukamwaga damu ya wenyeji na ya wageni. Na mwezi wa Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda, yote mageni, yalipigana humo kwa siku sita, wakafa mamia ya raia wasiojua hata sababu ya ugomvi. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliihukumu Uganda kuilipa nchi yetu dola milioni 325 kwa makosa ya miaka ile ya vita.

Asubuhi ile tulikwenda kwanza kwa Wagenia, penye maporomoko. Wavuvi hawa hukita magogo makubwa katikati ya mawe, penye maji makali kuliko yote, wakayafunga kwa kamba za mwitu. Kwenye magogo hayo huning'iniza vikapu vikubwa vyenye umbo la pembe, mdomo ukielekea maji yatokako. Samaki akisukumwa na mkondo huingia, asiweze kurudi. Kisha wavuvi hupanda juu ya magogo, huku mto ukinguruma chini ya miguu yao, wakavikagua. Kila ukoo una mahali pake, urithi wa mababu. Na walipokuwa wakipiga makasia wakiwa wamesimama katika mtumbwi mrefu, waliimba. Nikamwuliza mwenzangu: "Wanaimba kwa sababu wamefurahi?" Akajibu: "Wanaimba ili makasia yaingie majini pamoja. Wakinyamaza, mtumbwi utapinduka." Jibu hilo niliandika katika daftari langu.

Kutoka hapo tukateremka mpaka bandarini, tukapita kanisa kuu la Bibi Yetu wa Rozari, lililojengwa karibu na ukingo wa mto. Mashua kubwa za mbao zilikuwa zimefungwa gatini, zimejaa magunia, makreti, mbuzi, watoto na masufuria yanayochemka. Watu walikuwa wamekaa safarini majuma mengi. Na ndani ya mashua mojawapo mtu alikuwa akipiga gitaa.

Kumbe hata rumba yetu imesafiri kwa njia hiyo. Wendo Kolosoy, mmoja wa baba zake, katika miaka ya 1940 alikuwa fundi wa mitambo katika mashua za mto huu, naye alikuwa akiimba. Wimbo wake "Marie-Louise", aliourekodi pamoja na mpiga gitaa Henri Bowane mwaka 1948, ulienea nchi nzima. Na miaka minne baada ya safari yangu, mwezi wa Desemba 2021, UNESCO iliiandika rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa wanadamu wote, kwa ombi la Kongo zote mbili.

Karibu na gati tulimkuta mzee mmoja Mlokele. Walokele ni watu wa mto, wavuvi na wachuuzi, na wajulikana mbali kwa lokole, ngoma yao isiyo na ngozi. Ni gogo lililochimbwa ndani kwa kupitia ufa mwembamba. Upande mmoja wa ufa hutoa sauti ya juu, upande wa pili sauti ya chini. Nikamwuliza mzee: "Sauti mbili tu zawezaje kusema habari?" Akanieleza kwa saburi, kama mwalimu hasa.

Lugha yao, alisema, ina maneno yanayopanda na kushuka. Ngoma haitamki silabi; hufuata kupanda na kushuka huko tu. Lakini maneno mengi hupanda na kushuka sawasawa. Neno la mwezi na neno la kuku, kwa mfano, katika ngoma husikika kitu kimoja. Ukipiga neno moja tu, msikiaji hajui kama wamwambia habari za mbinguni au za bandani. Kwa hiyo ngoma haisemi neno fupi kamwe. Husema: mwezi unaotazama chini duniani. Husema: kuku, yule mdogo aliaye kiokio. Husema kwa urefu, na kwa urefu huo hueleweka hata vijiji vya mbali. Mmisionari Mprotestanti wa Yakusu, John Carrington, alijifunza ngoma hiyo kwao, akaandika kitabu juu yake mwaka 1949.

"Wenye haraka," mzee alisema, "hawawezi lokole. Neno fupi ni la kudanganya, hata kama mpigaji hakutaka kudanganya."

Nilisimama pale nikakumbuka maneno manne ya simu. Niko salama. Masomo yanaendelea. Kweli na uongo, vyote viwili, vyaweza kupanda na kushuka sawasawa ndani ya maneno manne.

Jioni mama mwenyeji alikuwa amekwisha kumwita kijana. Alikuja na gitaa mgongoni, amekonda, akanisalimu kwa heshima: "Shikamoo, Mjomba." Nikataka kuanza. Mama akatuwekea sahani moja, sisi wawili, lituma na samaki, akasema: "Sahani moja haigombanishi." Tukala kimya. Lakini wakulao sahani moja hawawezi kukwepana macho muda mrefu. Chakula kilipofika nusu, kijana akaanza kusema mwenyewe.

Aliyasema yote. Sehemu ya pili ya karo ya mwaka ule, fedha iliyotoka katika sambaza za mama yake, alikuwa amenunulia gitaa hilo. Alidhani angeirudisha kwa kupiga kwenye arusi. Hakuweza. Akazuiwa mitihani, akapoteza mwaka. Kisha akaona haya, na haya ikamfunga mdomo, yakabaki maneno manne.

Nilisimama kwa hasira. Nikasema: "Funga mizigo yako. Na kitu hicho nitakivunja mbele yako." Hilo, mama wa Jumapili, ndilo jibu langu baya.

Mama mwenyeji hakupandisha sauti. "Keti, Mwalimu," akasema. "Mwezi wa Juni mwaka 2000 nililala siku sita chini ya kitanda na wanangu wanne. Maji hapana, umeme hapana. Usiku mmoja makombora yaliponyamaza kidogo, jirani alianza wimbo wa kanisa nyuma ya ukuta. Nasi tukaitikia. Nyumba ya pili ikaitikia, na ya tatu. Ndivyo tulivyojua nani angali hai. Nyumba moja haikuitikia." Akanyamaza kidogo, kisha akaendelea: "Kijana ameiba fedha ya mama yake, na hilo lazima alilipe. Lakini gitaa halikuiba kitu."

Nikaketi. Baadaye kijana akapiga. Nilitamani apige vibaya, ili niwe na haki, alipiga vizuri. Alipiga wimbo ambao mama yake huuimba akisafisha sambaza jioni, nami nikainamisha kichwa nisionekane.

Kesho yake nilinunua yuniti za simu, nikampa. Akamweleza mama yake kila kitu tangu mwanzo, karibu nusu saa, bila kuficha. Dada alinyamaza muda mrefu upande wa pili, hata tukadhani simu imekatika. Kisha akauliza: "Je, umekula?"

Tulipatana hivi. Gitaa litakaa kwa mama mwenyeji siku za kazi. Kijana ataligusa Jumamosi na Jumapili tu. Atapakua mizigo bandarini wakati wa likizo mpaka arudishe karo yote. Na kila Jumapili atampigia mama yake, wala si kwa maneno manne. Nikarudi Goma peke yangu. Dada hakuniuliza kwa nini sikumleta.

Alirudia mwaka uliopotea, akamaliza masomo mwaka 2021. Leo anafundisha huko huko Kisangani, na Jumapili hupiga gitaa katika kwaya ya parokia yake. Mwezi wa Januari 2025 mji wetu wa Goma ulipotwaliwa na M23, kiwanja cha ndege kilifungwa, na safari iliyokuwa ya muda mfupi ikawa ya kuzunguka mbali. Tangu hapo mama na mwana hawajaonana. Lakini kila Jumapili simu yao ni ndefu. Kijana humweleza amekula nini, mto umepanda kiasi gani, ni nani amekufa na nani ameoa. Mwisho mama humwambia, "Haya, piga," akaiweka simu juu ya meza, akaendelea na samaki wake.

Basi, mama, sikiliza jibu. Gitaa si adui wa nyumba, wala si adui wa Kanisa. Mwaka 1988 Roma ilikubali utaratibu wa Misa wa majimbo ya nchi yetu, ambamo ngoma na kucheza vina nafasi yake. Lipeni karo kwanza. Ikibaki fedha, mnunulieni mtoto gitaa, naye achangie kwa kazi ya mikono yake. Lakini msimnunulie kisha mkamwachia tu. Kaeni naye mezani, sahani moja, mumwulize na kumwuliza tena, hata maneno yake yawe marefu.

Na ninyi baba, mwanao akisema "niko salama" tu, usifurahi upesi. Na ninyi wanafunzi mlio mbali na nyumbani, wapigieni wazazi wenu leo. Semeni kama lokole.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, nitajibu barua ya yule kijana aliyeuliza juu ya kukopa fedha kwa ajili ya mahari.

Mwalimu wenu